Tangi la maji chumvi la lita 600 nyumbani: nichote maji baharini au ninunue chumvi?

Muulizaji, Mbezi Beach
Habari zenu wanajukwaa. Nimefuga samaki wa maji baridi kwa miaka minne, na sasa nimeazimia kuweka tangi la maji chumvi sebuleni, lenye urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Fundi wa vioo ameshanipigia hesabu ya kioo cha milimita 12 chenye mikanda ya kuimarisha juu. Kwa kuwa bahari iko mwendo mfupi kutoka kwangu, je, kuna haja ya kununua chumvi maalumu inayoagizwa kutoka nje? Pia ningependa kujua kama naweza kuokota matumbawe ufukweni yawe makazi ya samaki.

Mkazi wa Kigamboni
Ndugu, mimi natumia maji ya bahari mwaka wa tatu sasa, lakini jambo la kuuliza kwanza ni maji ya wapi na ya wakati gani. Mto Msimbazi unaingia baharini karibu na Daraja la Selander ukiwa umebeba uchafu wa mitaa mingi, na wakati wa masika kila mlango wa mto hutoa maji ya matope ambayo hupunguza chumvi ya ufukweni. Kwa hiyo mimi huchota nje kidogo kwa boti, bahari ikiwa imejaa na mvua ikiwa haijanyesha kwa siku kadhaa, kisha hupima kila dumu. Maji mazuri huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na kipimo cha uzito wa maji, ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, huonyesha karibu 1.025.

Tumia madumu ya plastiki yaliyokuwa na chakula, wala usiguse yaliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa. Tangi lako litahitaji madumu 30 ya lita 20 kwa kuanzia, na mengine matatu kila wiki mbili kwa kubadilisha sehemu ya kumi ya maji. Kama huna uhakika wa kuyapata hata masika, nunua hiyo chumvi maalumu, kwa sababu chumvi ya jikoni haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha.

Mwenye tangi, Upanga
Naongezea jambo ambalo lilinigharimu samaki saba. Hapa mjini, adui mkubwa wa tangi ni joto. Januari na Februari, upepo wa kaskazi ukivuma, chumba kilichofungwa hupita nyuzi 30, ilhali viumbe wa miambani hustawi zaidi kati ya 25 na 27, na maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Usiku mmoja umeme ulikatika kwa saa nyingi, pampu zikasimama, na kulipopambazuka nilikuta samaki wangu wakubwa wote wamekufa, kwa kuwa ndio wanaohitaji hewa nyingi. Tangu hapo nina pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, na ningekushauri uinunue kabla hujanunua hata samaki mmoja.

Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ila hukausha maji haraka. Kinachopotea ni maji matupu, chumvi hubaki, kwa hiyo fidia upungufu huo kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa vizuri. Nilifidia kwa maji ya bahari mwezi mzima bila kujua kosa langu, na chumvi ikapanda mpaka konokono wakafa.

Mzamiaji
Kuhusu matumbawe, nakusihi usiokote. Visiwa vyetu vya Dar es Salaam, yaani Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu tangu 1975, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 inayalinda. Hata nje ya hapo, miamba yetu imeumizwa vya kutosha na baruti, na tumbawe lililovunjwa huchukua miaka mingi kukua tena. Tafuta mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, yaoshe vizuri, uyaweke tangini bila samaki kwa wiki nne hadi sita, mpaka bakteria wazoee kugeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Pima mwenyewe, na usiingize samaki mpaka amonia na nitriti zisome sifuri.

Aina nyingi za samaki waitwao kitatange usizichukue, maana hula matumbawe hai na hufa njaa tangini.

Muulizaji, Mbezi Beach
Nashukuru sana. Nitatumia mawe ya nchi kavu, na nitaanza kuchota baada ya masika. Je, tangi hili linatosha samaki wawili aina ya kangaja?

Mzamiaji
Weka mmoja. Kangaja huhitaji nafasi ndefu ya kuogelea, na wawili wa aina moja watapigana.