Ngoro au matuta? Shamba la mteremko Mbinga

Mjukuu_wa_mlimani: Wakubwa, shikamooni. Bibi ameniachia shamba huku Litembo, mteremko mkali. Maisha yake yote alilima ngoro, kile kilimo cha mashimo. Mimi niko peke yangu, mke yuko Songea. Msimu uliopita nikapiga matuta nikatia mbolea ya dukani. Mvua ya Januari ikayapasua, mahindi na mbolea yote vikaishia mtoni. Nirudi kwenye ngoro? Maana hata kuchimba sijui vizuri.

Mama_Maharage: Marahaba mwanangu. Machi, mvua zikikaribia kupungua, fyeka nyasi, ziache zikauke. Zipange miraba miraba shamba zima, kama wavu. Kisha chimba udongo katikati ya kila mraba, fukia nao nyasi. Hapo una mashimo, na kingo zenye nyasi zinazooza ndani: ndiyo mbolea yako. Juu ya kingo panda maharage. Mahindi utayaweka hapo hapo mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Ukipalilia, magugu tupa shimoni. Maji yakija yanatulia humo, udongo hauendi popote.

Na wasikudanganye kwamba zamani ilikuwa rahisi. Baba zenu walifyeka na kupanga nyasi wakaenda kilabuni. Jembe lilikuwa letu, na mtoto mgongoni.

Aliyeshuka_bondeni: Sisi tulishuka kutafuta ardhi, ngoro tukaiacha. Huku matuta yanatosha kwa sababu mteremko ni mdogo. Wewe umepandisha kilimo cha bondeni mlimani, ndugu yangu. Ila shida moja Mama hajaigusa: nyasi. Kahawa imekula sehemu nzuri tangu miaka ya 1920, familia zimegawana vipande, shamba halipumziki tena. Utafyeka nini?

Mama_Maharage: Kweli, baba. Ndiyo maana asichome hata jani moja. Na asianze na shamba lote.

Mjukuu_wa_mlimani: Sehemu ya juu, palipopasuka, hapajalimwa tena na nyasi zimenifika kifuani. Naanzia hapo. Mama, shimo liwe na upana gani?

Mama_Maharage: Kama hatua mbili za mtu mzima. Kina kifike magotini. Na mkeo aje kwenye kupanda, kuchimba chimba mwenyewe.