Msaada: visaidizi vya majaribio ya mtandao vimejirudia kwenye kila faili, naviondoaje?

fundi_soketi

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekabidhiwa mradi wa Python unaotuma SMS kwa wingi kupitia SMPP (itifaki ya kubadilishana SMS na mitandao ya simu). Aliyeujenga alishahama kazi, na kwa kweli hakuwa mvivu: majaribio yapo mengi na yamefikiriwa. Tatizo liko kwenye folda ya majaribio ya mtandao. Kila faili linaanza na msimbo uleule wa kujisaidia: fankisheni ya kutafuta porti iliyo wazi (isiyotumiwa na yeyote), ya kuwasha SMSC (kituo cha SMS cha mtandao wa simu) ya uongo kwenye thredi, ya kusubiri seva iamke, na ya kusoma PDU (ujumbe mmoja kamili wa SMPP) kutoka kwenye soketi. Fungua faili la kubaindi (klayenti kujitambulisha kwa SMSC), zipo. La kutuma, zipo. La ripoti za kufikishwa, zipo. Majina tu ndiyo yanabadilika: huku `free_port`, kule `get_port`, kwingine `_port`.

Halafu kuna hili. Majaribio yakiendeshwa moja baada ya jingine yanapita yote. Yakiendeshwa sambamba kwa pytest-xdist (inayogawa majaribio kwenye michakato kadhaa), mawili matatu yanafeli, na wala si yaleyale kila mara. Sijui kama haya mambo mawili yanahusiana.

Wazo langu ni kufungua `helpers.py`, kuhamishia vyote humo na kufuta kopi zote kwa mkupuo. Bosi anasema kama yanapita niyaache. Mnanishauri nini? Naomba kuwasilisha.

kibarua_wa_usiku

Bosi kasema kweli nusu. Majaribio yanayofeli kwa zamu hayapiti, yanabahatisha. Siku hitilafu ya kweli ikija, mtasema "aah, ni lile la kila siku, endesha tena."

mama_seva

Mkuu, kabla hujafuta mstari hata mmoja, toa kila fankisheni uiweke kwenye faili la muda, kisha zilinganishe kwa `diff`. Kopi zikishakaa muda mrefu hazibaki pacha. Utakuta tofauti za majina na nafasi, hizo puuza. Utakuta tofauti ambazo mtu aliweka kwa sababu maalumu, mfano jaribio linalotaka seva ikatae muunganisho. Na utakuta hitilafu iliyorekebishwa kwenye kopi moja, nyingine zikasahaulika. Hili la mwisho ndilo lenye hazina.

Anza na ile ya kusoma PDU. Kichwa cha PDU ya SMPP 3.4 kina baiti 16: nne za urefu wote, nne za aina ya amri, nne za hali, nne za namba ya mfuatano. TCP haijui PDU ni nini, yenyewe inapitisha mkondo wa baiti tu. Ukiita `recv(1024)`, yaani soma mara moja hadi baiti 1024, unaweza kupata PDU nzima, nusu yake, au mbili zilizoshikana. Kwenye mashine yako yenye kazi chache utapata nzima karibu kila mara, ndiyo maana msimbo wa namna hiyo unadumu. Naweka dau kwamba kopi moja ina lupu inayosoma hadi baiti zitimie, na nyingine inasoma mara moja na kuomba Mungu.

dogo_wa_bakendi

Nimeweka kambi hapa, wakuu endeleeni.

mlinzi_wa_tawi

Mimi nitapinga kidogo. Kujirudia kwenye majaribio si dhambi sawa na kujirudia kwenye msimbo wa kazi. Jaribio likifeli saa nane usiku nataka nilisome juu hadi chini nielewe, bila kuruka kwenye faili nne. Nimeona miradi ambayo visaidizi viliunganishwa vikawa fankisheni moja `start_server(ssl=False, slow=False, reject=None, delay=0, once=True...)`. Fankisheni ya namna hiyo ni kama choo cha nyumba ya kupanga: wote wanakitumia, hakuna anayekisafisha. Kila mwenye jaribio jipya anaongeza kigezo chake na kuondoka.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: ni kipi hasa unataka kukiunganisha? Kufungua soketi na kuifunga, sawa, hakuna anayehitaji kuvisoma tena na tena. Lakini kile SMSC inachojibu kwenye jaribio fulani, kiache ndani ya jaribio hilohilo.

mama_seva

Hapo naungana na mlinzi. Mabomba yaende mahali pamoja, mazungumzo yabaki kwenye jaribio.

fundi_soketi

Nimerudi wakuu. Nimefanya ile `diff`. Dada mama_seva, dau lako umelila. Kopi mbili zina lupu, zilizobaki zote ni `recv(1024)`.

Ila kilichonishtua ni hiki. Kopi nyingi za kuwasha seva zinaomba porti 0, yaani mfumo wenyewe uchague namba. Kwenye faili la kubaindi na la ripoti nimekuta hivi:

```
s = socket.socket()
s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEPORT, 1)
s.bind(("127.0.0.1", 2775))
s.listen()
```

Kwenye historia ya git ujumbe wa komiti hiyo unasema tu "rekebisha Errno 98". Je, hii ndiyo sababu ya kufeli?

mama_seva

Ndiyo yenyewe, na ni mfano mzuri wa dawa iliyonyamazisha kidonda.

Errno 98 kwenye Linux ni "Address already in use". 2775 ni porti ya SMPP iliyozoeleka, kwa hiyo mtu aliiandika kwa mkono. Majaribio mawili yakagongana, akatafuta mtandaoni, akapewa SO_REUSEPORT. Kosa likatoweka kweli. Lakini SO_REUSEPORT, iliyoingia Linux toleo 3.9 mwaka 2013, kazi yake ni kuruhusu soketi kadhaa za mtumiaji mmoja zisikilize porti ileile kwa wakati mmoja, kisha keneli (kiini cha mfumo endeshi) inazigawia miunganisho inayoingia. Kwa seva kubwa ni baraka. Kwako maana yake ni kwamba xdist ikiendesha faili la kubaindi kwenye mchakato mmoja na la ripoti kwenye mwingine, SMSC mbili za uongo zinasikiliza 2775 pamoja, na klayenti wa jaribio hili anaweza kuangukia kwenye seva ya jaribio lile. Anatuma bind_transceiver (ombi la kubaindi), anajibiwa na mtu aliyekuwa anamsubiri mwingine. Ndiyo maana yanayofeli hayafanani.

Usichanganye na SO_REUSEADDR. Ile kwenye Linux inakuruhusu kubaindi porti (hapa ni kuishika porti, si kubaindi kwa SMPP) ambayo miunganisho yake ya zamani bado iko TIME_WAIT (imefungwa, ila mfumo bado unaishikilia kwa muda), lakini hairuhusu wawili wasikilize pamoja. Hiyo haina shida.

kibarua_wa_usiku

Sasa, ile fankisheni ya kutafuta porti iliyo wazi, mimi nasema usiihamishie popote. Iue.

Angalia inavyofanya: inafungua soketi kwenye porti 0, keneli inaipa namba, inasoma namba, inafunga soketi, inakurudishia namba. Kati ya kufunga na seva yako kubaindi tena kuna mwanya, na mchakato mwingine unaweza kuichukua namba hiyohiyo. Ukiiweka kwenye `helpers.py` utakuwa umelipa kosa makao makuu. Iache seva yenyewe ibaindi porti 0, kisha iulize imepewa namba gani:

```
@pytest.fixture
def smsc():
    with socket.create_server(("127.0.0.1", 0)) as s:
        yield s
```

Namba unaipata kwa `smsc.getsockname()[1]`. `create_server` ipo tangu Python 3.8, na kwenye Linux inaweka SO_REUSEADDR yenyewe. Weka hii kwenye `conftest.py` (faili la pytest la vitu vinavyoshirikiwa na majaribio), pytest inaiona bila wewe kuiita kwa `import`.

Ukitaka mfano wa wakubwa, fungua msimbo wa Python yenyewe, `Lib/test/support/socket_helper.py`. Walikuwa na shida hiihii, wakakusanya visaidizi vya soketi mahali pamoja. Humo mna `bind_port` na `find_unused_port`, na maelezo yake yanasisitiza utumie ya kwanza kila inapowezekana. Ya pili ni kwa pale unapolazimika kuipa programu ya nje namba ya porti, mfano `openssl s_server`. Na `bind_port` ikikuta soketi ya TCP imewekewa SO_REUSEADDR au SO_REUSEPORT inagoma kabisa. Kwao hata SO_REUSEADDR ni mwiko kwenye majaribio, kwa sababu kwenye Windows tabia yake ni nyingine na ya hatari zaidi.

fundi_soketi

Aisee. Na ile ya kusubiri seva iamke? Kopi moja ina `time.sleep(2)`, nyingine inajaribu kuunganisha mara kwa mara hadi ifaulu.

kibarua_wa_usiku

Zote mbili hazina kazi tena. `create_server` ikirudi, soketi tayari inasikiliza. Klayenti akiunganisha hata kabla thredi yako haijaita `accept`, keneli inakamilisha muunganisho na kuuweka kwenye foleni. Hakuna cha kusubiri. Utaona na muda wa majaribio unavyoshuka.

Hiyo ya kujaribu kuunganisha ni mbaya kuliko usingizi, kwa sababu muunganisho wa majaribio nao unahesabiwa. Seva yako ya uongo ikiwa inapokea mmoja tu, `accept` itampokea mpelelezi, na klayenti halisi atakaa foleni hadi muda uishe.

Kusubiri kunabaki na maana pale tu seva ni programu nyingine uliyoiwasha nje ya mchakato wako.

dogo_wa_bakendi

Swali la kijinga wakuu. Kwa nini hiyo SMSC ya uongo isitumie msimbo uleule wa mradi wa kufungasha na kufungua PDU? Si ndiyo kuondoa kujirudia kwenyewe?

mlinzi_wa_tawi

Si la kijinga mdogo wangu, wengi wanaangukia hapo. Ukifanya hivyo, kosa la klayenti na kosa la seva litakuwa kosa moja, na watasikilizana vizuri kabisa. Tuseme mradi unaandika namba ya mfuatano kabla ya hali. SMSC ya uongo inaifungua kwa mpangilio huohuo uliopinda, jaribio linapita kijani, na unakuja kujua siku unapounganisha na mtandao wa simu wa kweli.

Hapo kujirudia kunalipa. Andika baiti zenyewe kwa mkono. enquire_link (ombi la kuuliza kama upande wa pili bado upo) ni hii tu:

`00000010 00000015 00000000 00000001`

Urefu 16, amri 0x15, hali sifuri, mfuatano wa kwanza. Yeyote mwenye waraka wa SMPP mezani anaweza kuikagua kwa macho.

mama_seva

Naongeza la mwisho upande wangu, maana lilinitesa. Ukiwa na visaidizi vyenye `assert` ndani, mfano `hakiki_bind(pdu)`, ukivitoa kwenye faili la jaribio na kuvipeleka moduli ya kawaida, pytest itaacha kukuonyesha thamani za pande mbili vikifeli. Utabaki na `AssertionError` tupu. Sababu ni kwamba pytest inaandika upya `assert` za mafaili ya majaribio, `conftest.py` na programu jalizi zake tu. Dawa: ndani ya `conftest.py`, kabla moduli hiyo haijaitwa popote, weka `pytest.register_assert_rewrite("tests.smpp_saidizi")`, au jina lolote utakaloipa.

Na utaratibu wa kazi: faili moja, komiti moja. Komiti ya kuhamisha isibadilishe tabia, ya kubadilisha tabia isihamishe kitu. Kila ukimaliza faili, haribu makusudi msimbo wa mradi, mfano fanya irudishe hali isiyo sahihi, uone jaribio linafeli. Visaidizi vipya vina tabia ya kufanya kila kitu kipite.

fundi_soketi

Wakuu, mrejesho. `free_port` na ndugu zake wote nimewafuta, hawakuhamia popote. `conftest.py` ina `smsc` na `soma_pdu` yenye lupu, basi. Majibu ya SMSC nimeyaacha ndani ya majaribio kama mlinzi alivyosema. xdist imeacha kufeli kwa zamu.

Ila lile la PDU kuja nusu limenipa wazo: nimeandika jaribio ambalo SMSC inatuma jibu la bind baiti moja moja. Klayenti wetu wa mradi kafeli palepale. Naye anasoma kwa `recv(1024)`.

kibarua_wa_usiku

Hahaha, sasa mpelekee bosi hilo.

mlinzi_wa_tawi

Hilo lisiingie kwenye tawi hili la usafi. Fungua tawi jingine, jaribio lako liwe komiti ya kwanza likiwa linafeli, marekebisho yafuate. Na usikopi `soma_pdu` ya majaribio ukaipeleka kwenye mradi; waandikie klayenti ya kwao, kwa sababu yao inatakiwa ikumbuke baiti zilizobaki PDU mbili zikija pamoja, na muda ukiisha katikati ya kichwa ijue la kufanya.

fundi_soketi

Nimekupata mkuu. Nafungua tawi sasa hivi.