Jua la utosi hapa Mbeya: mbona kivuli hakipotei saa sita?

Mshonaji_Mwanjelwa

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, na nina swali la jua ambalo limeninyima raha wiki hii.

Binti yangu yuko darasa la sita. Walipewa kazi ya nyumbani: simamisha kijiti cha mita moja juani, pima kivuli chake saa sita kamili mchana, andika ulichoona. Tukaifanya pamoja uani, Jumapili tarehe 21 Juni. Fimbo niliikata mwenyewe, nikaipima mara mbili kwa tepu yangu ya kazini: sentimita 100 kutoka ardhini hadi nchani. Simu ilipoandika saa sita kamili, kivuli kilikuwa sentimita 68, na hakikulala kusini moja kwa moja, kiliegemea upande wa magharibi. Mtoto akaandika 68.

Daftari limerudi na kosa la wino mwekundu. Pembeni pameandikwa kwamba saa sita jua liko utosini, kwa hiyo kivuli hakipo.

Mtoto amelia. Na mimi imeniuma, kwa sababu kupima ndiyo kazi yangu. Suruali ikizidi sentimita mbili mteja anairudisha siku hiyo hiyo. Nilichokipima nakijua. Naomba mtu anayelifahamu jambo hili aniambie: tulikosea wapi, au hatukukosea?

Na kuna jambo jingine nimeliona kwa miaka. Baraza langu linatazama kaskazini. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi kali, jua la mchana linaingia hadi kwenye pedali ya cherehani, nashona huku naota jua. Ikifika Desemba barazani hamna jua kabisa, limehamia nyuma, upande wa jikoni. Je, hayo mawili yanahusiana?

Mkulima_Igurusi

Pole dada. Mimi nadhani ni sababu ya milima. Nyie Mbeya mjini mko juu sana na Loleza imewakinga upande mmoja, ndiyo maana hata baridi yenu si ya kawaida. Jaribuni kupimia bondeni huku kwetu.

MwalimuMstaafu_Iringa

Kamwene. Nimefundisha jiografia miaka mingi na swali hili nalipenda, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Ndugu wa Igurusi, milima inaweza kuchelewesha jua la asubuhi na kulificha mapema jioni, lakini haiwezi kurefusha kivuli cha mchana. Ukiipima fimbo hiyo Igurusi siku hiyo hiyo utapata karibu kipimo kile kile.

Mama, binti yako hakukosea. Nianzie hapo.

Maneno "jua la utosi" ni ya kweli, ila jua halikai utosini mwa mtu mmoja mwaka mzima. Dunia imeinama kwenye mhimili wake kwa nyuzi 23.4, na inalizunguka jua ikiwa imeinama hivyo hivyo. Matokeo yake, mahali ambapo jua la mchana linakuwa wima juu ya kichwa panasafiri. Karibu na tarehe 21 Juni pako Tropiki ya Kansa, kaskazini mwa ikweta. Kisha panashuka, panavuka ikweta Septemba, na Desemba panafika Tropiki ya Kaprikoni kule kusini. Halafu safari inarudi.

Mbeya iko nyuzi 8.9 kusini mwa ikweta. Siku mliyopima ninyi, jua lilikuwa utosini mwa watu wa karibu na Aswan, kusini mwa Misri. Chukua 23.4 ujumlishe 8.9: jua lenu la mchana lilikuwa limelala kaskazini kwa nyuzi 32.3 kutoka utosini. Fimbo ya mita moja chini ya jua la namna hiyo inatupa kivuli cha sentimita 63 kuelekea kusini. Ndilo jua hilo hilo linaloingia barazani kwako na kukuotesha. Kwa hiyo ndiyo, mambo yako mawili ni jambo moja. Desemba jua linakuwa kusini kwenu kwa nyuzi 14.5, kivuli cha fimbo kinageukia kaskazini na kuwa sentimita 26 tu, na mwanga unaingilia jikoni.

Utauliza: kama ni 63, mbona nilipata 68? Hapa ndipo nilipofurahi kuliko kote.

Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti Tanzania hata kidogo. Kwa upande wetu uko mbali ndani ya Bahari ya Hindi. Mbeya iko kwenye nyuzi 33.5 hivi. Dunia inahitaji dakika 4 kugeuka uzi mmoja, na tofauti yenu na mstari ule ni nyuzi 11.5, yaani dakika 46. Zaidi ya hapo, jua lenyewe halifuatani sawasawa na saa zetu: katikati ya Februari linachelewa dakika 14, mwanzoni mwa Novemba linawahi dakika 16, na tarehe 21 Juni linachelewa karibu dakika 2. Jumlisha: Jumapili ile saa sita ya jua, pale Mwanjelwa, ilikuwa saa sita na dakika 48 kwenye simu yako. Ulipopima, jua lilikuwa bado upande wa mashariki likipanda, ndiyo maana kivuli kiliegemea magharibi. Nimepiga hesabu ya saa sita kamili nikapata 68. Tepu yako iko sahihi hadi sentimita.

Mwenzangu aliyeweka kosa naamini aliandika kwa kukumbuka kitabu. Mwombe kwa upole asimamishe fimbo naye.

Kivuli kupotea kunatokea Mbeya mara mbili tu kwa mwaka: tarehe 16 Oktoba hivi, saa sita na dakika 32, na tarehe 25 au 26 Februari, karibu kabisa na saa saba. Kwetu Iringa ni tarehe 13 Oktoba, na tena mwisho wa Februari au Machi mosi. Februari mvua na mawingu vitawaharibia, subirini Oktoba. Hata mkikosea siku moja, kivuli cha fimbo ya mita hakitafika sentimita moja.

Sasa, kama mnataka kuijua saa sita ya jua bila kuamini simu wala mimi, fanyeni hivi. Chimbieni fimbo, mchore duara kuizunguka kwa uzi wa sentimita 90. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinatoka nje ya duara. Kinapofupika hadi ncha yake iguse mstari, weka kigingi na andika saa. Mchana kitarefuka tena na kuugusa upande wa pili. Kigingi cha pili, saa ya pili. Katikati ya saa hizo mbili ndiyo saa sita ya jua. Msikae kuvizia kivuli kifupi kuliko vyote, kwa sababu karibu na wakati huo kinabadilika kidogo mno, macho hayaoni.

Fundi_Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi. Dada, fimbo yako iweke timazi, uzi wenye uzito mwishoni, uhakikishe imesimama wima. Ikiinama hata kidogo kipimo chote kimeharibika.

Nashukuru kwa haya. Wateja hulalamika kwamba jua limewaingilia sebuleni Juni, nami sikuwa na la kuwajibu. Kwa hesabu ya mwalimu, kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la mchana liko kaskazini kwetu, ni zaidi ya miezi saba. Mtu wa huku kwenye baridi ningemshauri madirisha makubwa ayaweke kaskazini.

Binti_wa_Makambako

Mwalimu, na sisi mkoa wa Njombe?

MwalimuMstaafu_Iringa

Marahaba fundi. Binti yangu, Njombe mjini ni tarehe 17 Oktoba. Makambako mko kaskazini kidogo ya hapo, pimeni tarehe 16 na 17 zote mbili.

Na niongeze hili kwa mtoto wa darasa la sita. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes alifanya kazi hii hii kule Misri. Alijua kwamba siku moja ya mwaka jua linafika utosini Aswan, akapima kivuli cha Alexandria siku hiyo, akaona pembe yake ni sehemu moja ya 50 ya duara. Akauzidisha umbali wa miji hiyo miwili mara 50, akapata mzunguko wa dunia.

Mshonaji_Mwanjelwa

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Leo Jumapili tarehe 28 tumerudia. Fimbo nimeining'inizia timazi ya uzi wa kushonea na kufuli. Duara tumechora kwa chaki.

Kivuli kimegusa mara ya kwanza saa tano kamili. Tukaenda kupika. Mara ya pili saa nane na dakika 38. Binti amegawanya mwenyewe: katikati ni saa sita na dakika 49. Amehesabu tena mara mbili, halafu amenyamaza akikitazama kile kivuli.

Tumevuta uzi kati ya vigingi viwili. Jirani ameweka simu yenye dira juu yake: mashariki kwa magharibi. Mtoto amenakili yote kwenye ukurasa mpya wa daftari, chini ya ule wenye kosa, na kesho nafungua kibanda saa nne ili nimsindikize. Vigingi nimewaambia wapangaji wote wasiving'oe hadi Oktoba.