Naomba ushauri: nirudi Marangu au nipite Machame?

Habari zenu wakuu. Mwaka jana nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano. Kambi za Mandara na Horombo nilifika vizuri kabisa, ila kambi ya Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, kichwa kilianza kugonga na chakula chote kikarudi. Mwongozaji akanishusha usiku uleule. Alifanya la maana, lakini iliniuma sana.

Desemba nataka kurudi. Niongeze siku moja Horombo ili mwili uzoee, au nipite Machame kwa siku saba, ile ya kupanda hadi mwamba wa Lava Tower kisha kushuka kulala kambi ya Barranco? Na vidonge vya Diamox, vile vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kuna aliyetumia? Nina presha kidogo. Daktari nitamwona, ila nataka kusikia pia kwa waliofika kilele cha Uhuru.