Gumzo la ukoo: sindano, vidonge na chupa ya Shangazi

Kikundi: Nyumba ya Mzee, Hombolo
Jumamosi, Julai

Mama Neema (Area D), saa 1:12 usiku
Mbukwenyi ndugu zangu. Shikamoo Baba, shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi. Jana nilimsindikiza Baba kliniki na nimeona niwaandikie kwa utulivu, kwa sababu kwenye simu kila mtu alisikia lake. Sindano ya homoni aliyochomwa mwezi wa tano imefanya kazi: kipimo cha PSA, kile cha damu kinachoonyesha mwenendo wa ugonjwa, kimeshuka kutoka 186 hadi 21. Hata hivyo, kwa kuwa saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye uti wa mgongo na nyonga kabla hatujaigundua, daktari hapendi tuishie kwenye sindano peke yake. Anataka tuchague dawa ya pili ya kuongeza mapema: ama dripu ya dosetakseli, dawa ya kemotherapi, kila baada ya wiki tatu, mara sita, au vidonge vya abirateroni vya kila siku pamoja na prednisoloni. Alitaja pia kwamba kwingine duniani wapo wanaopewa zote kwa pamoja. Jibu linatakiwa Jumanne.

Mama Neema (Area D), saa 1:15 usiku
Baba mwenyewe anaendelea vizuri, isipokuwa lile joto linalompanda kwa sababu ya sindano. Usiku huu wa Julai, upepo wa Hombolo unapenya hadi ndani ya blanketi, naye nimemkuta barazani amevaa fulana, anajipepea kwa jalada la daftari la ushirika.

Baba Mdogo (Kongwa), saa 1:31 usiku
Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Kama sindano imeshusha ugonjwa kiasi hicho, ya pili ni ya nini? Aidha, yule daktari alisema "majaribio yameonyesha". Neno hilo limenikaa kooni. Naomba niambiwe waziwazi kama wanataka kumfanyia kaka yangu majaribio, kwa maana mtu si panya.

Yohana (Mpwapwa), saa 1:34 usiku
Shikamoo Baba Mdogo. Nami ningependa kujua hilo, na gharama pia, kwa kuwa bima imekubali sindano lakini kuhusu vidonge bado hatujajibiwa.

Rehema (mfamasia), saa 1:58 usiku
Shikamooni wazazi wangu. Nilikuwa zamu, ndiyo maana nimechelewa. Baba Mdogo, Baba hafanyiwi majaribio. Anapewa kile ambacho watu wengine walikubali kujaribiwa nacho miaka iliyopita, nasi tunavuna walichopanda. Niruhusuni niandike kwa urefu kidogo.

Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni. Mwaka 1941, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges huko Chicago walionyesha kwamba ukiondoa homoni hiyo, ugonjwa hunywea, hata ule uliofika mifupani, na mwaka 1966 Huggins alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wakati ule njia ilikuwa kuondoa korodani au kumpa mgonjwa homoni za kike. Siku hizi ni ile punje, ndogo kama ya mchele, anayochomwa Baba chini ya ngozi ya tumbo. Kwa miongo mingi mgonjwa wa namna yake alianza na njia hiyo peke yake, na ikishindwa ndipo aliongezewa kitu kingine. Nayo hushindwa hatimaye kwa wengi, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huendelea kutengeneza homoni kidogo, seli za saratani nazo hujifunza kuishi kwa hicho kidogo, au kujitengenezea zenyewe.

Rehema (mfamasia), saa 2:06 usiku
Ndipo watafiti wakajiuliza: kwa nini tungoje ishindwe? Dosetakseli ilikuwa inajulikana tangu 2004 kwamba inawaongezea miezi miwili na ushee wagonjwa ambao homoni imeshawashinda. Katika utafiti wa Marekani uitwao CHAARTED, wanaume 790 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza matibabu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine sindano ya homoni peke yake, wengine sindano pamoja na dosetakseli mara sita. Matokeo yalichapishwa 2015. Katika kundi la homoni tupu, nusu ya wagonjwa walikuwa hai baada ya miezi 44, na katika kundi la mchanganyiko nusu walikuwa hai baada ya miezi 57.6. Wagonjwa wa tafiti hizi mbili si wa hali moja, lakini oneni tofauti: dawa ileile, ikitolewa mwishoni miezi miwili, ikitolewa mwanzoni zaidi ya mwaka. Walionufaika zaidi ni wale ambao ugonjwa ulikuwa umetapakaa sana. Baba yumo humo, ndiyo maana daktari ana haraka ilhali PSA inashuka.

Shangazi (Kongwa), saa 2:20 usiku
Mimi sina elimu ya miezi nukta sita. Ninachojua ni kwamba PSA ya kaka imeshuka kwa sababu ya ile chupa yangu ya mizizi mitano na asali, ambayo ameinywa asubuhi na jioni tangu mwezi wa tano. Kama ni mchanganyiko wanaoutaka, mchanganyiko tayari anao.

Mama Neema (Area D), saa 2:21 usiku
Chupa ipi, Shangazi?

Yohana (Mpwapwa), saa 2:21 usiku
Tangu mwezi wa tano?

Mzee (Hombolo), saa 2:40 usiku
Marahaba nyote. Ni kweli. Nimeinywa na sikumwambia daktari wala Rehema, kwa sababu nilijua Rehema atasema nini. Sasa nimeulizwa hadharani, nami sitaficha. Ila kuhusu kipimi kushuka, dada yangu, niache nikukumbushe jambo la shamba.

Mzee (Hombolo), saa 2:41 usiku
Nilitaka kuandika "kipimo". Macho yangu na simu hii hayapatani.

Mzee (Hombolo), saa 2:57 usiku
Unakumbuka mwaka ule ubwiri unga ulipoingia kwenye zabibu zangu? Nilipiga salfa, na wiki hiyohiyo nikatia samadi kila mstari. Mavuno yakawa mazuri, nikawatangazia watu wa ushirika kwamba siri ni samadi. Bwana shamba aliponisikia hakunibishia, aliniuliza tu nilijuaje. Akaniambia msimu unaofuata nitie salfa mistari yote, lakini samadi nusu tu, na nisiichague mimi mistari hiyo, kwa kuwa mkono wangu ungekwenda kwenye ile iliyo upande wa bwawa, ambayo hata ungeitia majivu ingezaa. Niliandika namba za mistari kwenye vikaratasi nikavitia ndani ya kofia, Neema akachomoa. Yenye samadi ilikuwa na majani mazito ya kupendeza, lakini kwenye mizani kilo zilikuwa zilezile. Nilikuwa nimeisifia samadi kazi ya salfa. Sindano na chupa yako, dada, nilivianza wiki ileile.

Rehema (mfamasia), saa 3:04 usiku
Baba, kofia yako ndiyo hiyo bahati nasibu niliyoitaja hapo juu. Anayepangiwa dawa ipi ni kura, si daktari, kwa maana daktari mwenye huruma angewapa dawa mpya wale anaodhani watapona, kisha dawa ingesifiwa kwa afya waliyokuja nayo wenyewe. Mara nyingine wasiopangiwa dawa mpya hupewa kidonge kilekile kwa sura kisicho na dawa ndani, ili pasiwe na mtu, mgonjwa wala mganga, anayejua yuko upande gani. Na hawaachwi hivihivi: wanapata matibabu ya kawaida yote.

Baba Mdogo (Kongwa), saa 3:10 usiku
Hilo la kofia nimelielewa. Lakini mimi nauliza kama mfugaji: dawa mbili nzuri ukizichanganya, si lazima zizae uzuri mara mbili? Kama ndivyo, wampe kaka zote tatu, tumalize.

Rehema (mfamasia), saa 3:26 usiku
Si lazima, Baba Mdogo, na mfano wake unatisha. Ipo dawa ya mionzi iitwayo radiamu-223, ambayo hukimbilia mifupani na huongeza maisha ikitumika peke yake. Abirateroni, inayozuia hata zile tezi za juu ya figo kutengeneza homoni, nayo huongeza maisha. Watafiti wakaziunganisha katika utafiti wa ERA 223, wanaume 806 ambao sindano ya homoni ilikuwa imeshawashinda. Mwaka 2017 kamati huru inayochungulia takwimu kabla ya watafiti wenyewe ilishauri siri ifunguliwe mapema: waliopata mchanganyiko, asilimia 29 walivunjika mifupa, wakati kwa waliopata abirateroni bila radiamu ni asilimia 11. Dawa mbili njema, kila moja na sifa zake. Bila kundi la kulinganisha, kila mfupa uliovunjika ungesingiziwa saratani.

Mingine haiumizi wala haisaidii. Uingereza walianza mwaka 2005 utafiti mkubwa uitwao STAMPEDE, uliojengwa kama shamba la Baba lenye mistari mingi: dawa inayoonekana haina tija huondolewa njiani, mpya hupandwa pembeni. Asidi ya zoledroniki, dawa inayoimarisha mifupa, haikurefusha maisha ilipoongezwa mwanzoni. Abirateroni ilirefusha: matokeo ya 2017, katika wanaume 1,917, yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 83 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 76 waliopata homoni peke yake.

Yohana (Mpwapwa), saa 3:33 usiku
Na homoni, dripu na vidonge, zote tatu kwa pamoja?

Rehema (mfamasia), saa 3:47 usiku
Hapo ndipo ninapowaomba msome taratibu, kwa sababu habari hiyo husambazwa nusunusu. Zipo tafiti mbili kubwa zilizotoka 2022. PEACE-1 ya Ulaya iliongeza abirateroni juu ya homoni na dosetakseli. ARASENS, yenye wagonjwa 1,306, iliongeza darolutamidi, kidonge kingine cha kuzuia homoni, juu ya hizohizo mbili, na hatari ya kufa ikapungua kwa asilimia 32.5. Ni matokeo mazuri. Lakini zote zililinganisha dawa tatu na zile mbili, yaani homoni na dosetakseli. Hazikulinganisha tatu na homoni pamoja na vidonge. Kwa hiyo zinatuambia kwamba anayewekewa dripu atafaidika akiongezewa vidonge. Hazituambii kwamba anayemeza vidonge atafaidika akiongezewa dripu. Mtu akiniambia mchanganyiko fulani umeshinda, swali langu la kwanza ni umemshinda nani.

Mzee (Hombolo), saa 3:52 usiku
Yaani mstari upi ulikuwa jirani yake.

Rehema (mfamasia), saa 3:53 usiku
Naam, Baba.

Mama Neema (Area D), saa 4:01 usiku
Basi kwa Baba, mwenye miaka 74 na presha, wewe ungechagua ipi? Sisemi uamue, nasema utuambie.

Rehema (mfamasia), saa 4:15 usiku
Dripu inakwisha ndani ya wiki 18, lakini katika wiki hizo kinga hushuka, na homa yoyote ni safari ya hospitali usiku huohuo, si ya kungoja kupambazuke. Kutoka Hombolo usiku hilo si jambo dogo. Vidonge vinamezwa nyumbani kwa muda wote vinapofanya kazi, lakini hupandisha presha, hupunguza potasiamu na huweza kuumiza ini, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara. Kama presha ya Baba imetulia, mimi moyo wangu uko kwenye vidonge. Daktari anaweza kuona nisichokiona.

Kuhusu gharama, kaka Yohana, abirateroni iliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zipo zinazotengenezwa na viwanda vingi, si kimoja. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1,000, tumbo likiwa tupu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mdogo, wagonjwa 72 tu, uliowapa nusu yao miligramu 250 pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo, kwa kuwa chakula huifanya dawa hii ifyonzwe zaidi, na PSA ikashuka sawasawa na wenzao. Ni robo ya dawa. Hata hivyo walipima PSA, hawakupima urefu wa maisha, kwa hiyo ni swali la kumuuliza daktari. Nisisikie mtu amempunguzia Baba vidonge jikoni.

Baba Mdogo (Kongwa), saa 4:22 usiku
Na siku moja tukiambiwa tuingie kwenye utafiti wenyewe, hapahapa nchini?

Rehema (mfamasia), saa 4:30 usiku
Tungeuliza kwanza kama una kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na fomu ya ridhaa tungeisoma kwa Kiswahili nyumbani, si kwenye foleni. Aliyesaini anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yake. Binafsi nisingeikataa kwa kuisikia tu. Huko Marekani wanaume weusi hufa kwa saratani hii karibu mara mbili ya weupe, lakini waliomo kwenye tafiti hizi kubwa nilizozitaja ni weupe kwa wingi. Wenye mistari michache shambani ndio sisi.

Shangazi (Kongwa), saa 4:41 usiku
Nimewasoma wote. Sijakasirika. Ila mmenieleza habari za ini na hamkunieleza kama ni mizizi yangu.

Rehema (mfamasia), saa 4:46 usiku
Shangazi, sisemi mizizi yako ni sumu. Nasema abirateroni na dosetakseli zote hupitia kwenye ini, na ini la Baba likionyesha hitilafu mwezi ujao, daktari asiyejua habari ya chupa ataisimamisha dawa iliyothibitishwa.

Mzee (Hombolo), saa 4:58 usiku
Nimeamua hivi. Chupa nimeifunga leo, nami nitaibeba Jumanne niiweke mezani kwa daktari. Nitamwambia nimependa vidonge, kisha nitasikiliza atakalosema juu ya presha yangu. Yohana aje na gari Jumatatu jioni, maana damu huchukuliwa saa mbili asubuhi. Dada, na wewe njoo, kwa sababu atauliza kilichomo na mimi sijui.

Shangazi (Kongwa), saa 5:03 usiku
Nitakuja. Majina ya mizizi yote mitano nitayaandika kwa Kigogo, atajua mwenyewe jinsi ya kuyasoma.

Rehema (mfamasia), saa 5:04 usiku
Nitamsomea mimi, Shangazi.