Kumkaribisha mgeni kwa fenesi: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Ndugu wanajamvi, sisi wakazi wa Mwanza tumelizoea fenesi tangu utotoni, kwa kuwa tunalikuta sokoni Kirumba likiwa limeshakatwa vipande na kupangwa kwenye sinia. Lakini mtu aliyekulia Dodoma au Singida, achilia mbali aliyetoka Ulaya, huona dude lenye miiba butu, linaloota kwenye shina na ambalo linaweza kuzidi kilo 30, asijue aanzie wapi. Kwa maoni yangu, mwenyeji anayemkabidhi mgeni kisu na fenesi zima amemfukuza kabla hajaonja. Ninyi wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji wa Ilemela
Wifi yangu alitoka Kongwa, na mama hakumwita jikoni mpaka kazi chafu ilipokwisha. Alitandika magazeti, akapaka mafuta ya kula kwenye kisu na viganjani, akalipasua fenesi kwa urefu, akaondoa ule moyo wa katikati wenye utomvu mwingi na kuufuta utomvu uliobaki kwa karatasi, ndipo akaanza kuchomoa nyama za njano moja moja kutoka kwenye nyuzi zake. Utomvu huo ukishaganda mkononi hausikii maji. Hulainishwa kwa mafuta kwanza, sabuni ikafuata. Wifi aliletewa bakuli la nyama tupu zisizo na kokwa. Alinusa, akasita, akauliza kwa adabu kama halijachacha, na kwa kweli harufu ya fenesi lililoiva sawasawa huelekea huko. Baada ya kuonja hakuuliza tena. Jioni tulichemsha kokwa kwa chumvi, tukazimenya, na hizo ndizo zilizomteka zaidi, kwa sababu zina unga kama viazi.

Mchangiaji wa Nyegezi
Mgeni wangu alikuwa mhandisi kutoka Kerala, India, nami nilijiandaa kabisa kumfundisha. Kumbe asili ya fenesi ni huko kwao, kwenye milima ya Western Ghats, na mwaka 2018 serikali ya jimbo lao ililitangaza kuwa tunda rasmi. Basi mwalimu akawa yeye. Aliagiza fenesi bichi, jambo lililomshangaza muuzaji, akalikata vipande, akalichemsha, kisha akaliunga kwa nazi, manjano na pilipili. Jirani yangu aliyekaribishwa mezani alikula akiamini ni nyama ya kuku, na hatukuwa na haraka ya kumsahihisha.

Mchangiaji wa Kamanga
Msianze na fenesi laini. Lile gumu hukatika vizuri mdomoni, ilhali laini huteleza kooni, na wageni wengi niliowaona wakilikataa walikimbia utelezi huo, si ladha.

Mwanzisha mada
Nashukuru kwa michango. Naongeza jambo moja la tahadhari: mgeni mwenye mzio wa mpira wa asili, kwa mfano anayewashwa na glavu za mpira, aulizwe kabla ya kukaribishwa, kwa kuwa baadhi ya watu wa namna hiyo hudhurika pia na fenesi. Ndugu wa Nyegezi, tafadhali tuwekee vipimo vya lile pishi la fenesi bichi, hasa muda wa kulichemsha kabla ya kuliunga.