Kumpa maji aliye kwenye foleni ya kura: wema au kampeni?

Mchokonozi: Georgia, Marekani, tangu 2021 ukimpelekea maji au chakula mtu aliyepanga foleni ya kupiga kura unaweza kushtakiwa. Ni sheria ya SB 202, aliyoitia saini Gavana Brian Kemp. Wanaoitetea waje hapa. Kiu nayo ina chama?

Mzee Kifimbo: Umesoma kichwa cha habari tu. Wasimamizi wa kituo wanaruhusiwa kuweka maji, mtu ajichotee mwenyewe. Kinachozuiwa ni wapambe kujifanya wasamaria wema. Leo chupa ya maji, kesho soda, keshokutwa bahasha. Na mtu mzima anayeshindwa kubeba chupa yake, hata hiyo kura sijui anaipigaje.

Nasra_K: Hiyo sentensi ya mwisho ifute. Shangazi yangu alisimama foleni kwa muda wa saa tano kwenye uchaguzi wa mchujo huko huko Georgia, Juni 2020. Chupa alikuwa nayo, ikaisha mapema. Kiatu kimoja kakivua, mguu kauweka juu ya mkoba. Huyo ndiye hajui kupiga kura?

Mzee Kifimbo: Pole yake, sikumsema yeye. Lakini 2020 sheria hii haikuwepo.

Nasra_K: Ndiyo maana kuna kijana alimletea maji. Leo kijana yule angekuwa mshtakiwa.

Digidigi: Si faini ya dola mia tu?

Wakili Msomi: Hadi dola 1,000, au kifungo kisichozidi miezi 12. Marufuku ilikuwa futi 150 kutoka kwenye jengo, na futi 25 kutoka kwa mpiga kura yeyote aliye foleni. Agosti 2023 Jaji J.P. Boulee akaisimamisha ya futi 25, ya 150 akaiacha.

Digidigi: Futi 25 ni hatua kumi tu. Foleni ikisogea na mpaka unasogea! Umetulia zako na katoni la maji, kosa linakufuata ulipo.

Mzee Kifimbo: Hatua kumi? Na jina lako Digidigi? Wewe labda thelathini.

Digidigi: Nimepima sebuleni sasa hivi. Kumi kamili.

Mpita Njia: Kwa viatu au peku?

Mchokonozi: Jamani, mada! New York nako walikuwa na sheria kama hiyo, ya zamani zaidi: ruhusa ni kitu kisichofika dola moja. Mei 2024 jaji wa shirikisho akaitupa. Kwa hiyo msiseme ni Georgia peke yake.

Mzee Kifimbo: Wewe ndiye uliyesema Georgia.

Wakili Msomi: Na SB 202 hiyo hiyo inataka kituo chenye wapiga kura zaidi ya 2,000, foleni ikizidi saa moja, kigawanywe au kiongezewe mashine na watumishi. Foleni ikiisha, nani atabishania maji?

Mpita Njia: Hajajibu. Viatu au peku?

Nasra_K: Mzee Kifimbo, ile sentensi bado naiona.

Mzee Kifimbo: Iko foleni, inasubiri zamu ya kufutwa.

Nasra_K: Basi ikishikwa na kiu usiniite.